Mfaransa wangu sasa anaongea Kiswahili, mimi bado naitikia "oui, oui"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, umri miaka 31, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Kazi yetu kubwa ni mizigo inayoshuka hapa mwisho wa reli ikavushwa ziwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Wateja wetu wengi ni Wakongo. Kiswahili wanakijua vizuri tu, ila nyaraka zao ni za Kifaransa, na wakubwa wao wakipiga simu kutoka Kinshasa ni Kifaransa moja kwa moja, hakuna cha salamu za Kiswahili. Ofisini kuna mtu mmoja anayekimudu. Bosi alishatuambia wazi: atakayeweza kuongea na watu wale bila mkalimani, meza ya Kongo ni yake na mshahara utapanda.

Kifaransa nilikionja sekondari, mwalimu akahamishwa, kikaishia hapo. Basi nikapakua programu ya simu ya kubadilishana lugha, zile unaandika unajua lugha gani na unataka ipi, inakutafutia mwenzako. Nikampata mama mmoja wa Ufaransa, anakaa Lyon, umri kama wa mama yangu mdogo. Ni muuguzi. Amepata kazi ya mkataba Bukavu na anatakiwa aondoke akiwa anaongea Kiswahili. Tukakubaliana: yeye anipe Kifaransa, mimi nimpe Kiswahili, kwa simu ya video, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Shangazi, miezi imepita na mama huyu anaongea! Majuzi alinisimulia jinsi mfereji wa maji wa jirani yake wa juu ulivyopasuka, maji yakamwagika hadi kwenye kabati lake la nguo, nikamfuata mwanzo mwisho, hakuna nilipopotea. Mimi sasa. Wiki iliyopita mteja alipiga ofisini kuuliza mzigo wake umefika wapi. Swali jepesi kabisa. Nikabaki "oui, oui" mpaka mwenzangu akanipokonya simu mbele ya watu.

Namna mambo yanavyokwenda ni hivi. Simu ikiunganishwa tunaanza Kifaransa: hujambo, hali ya hewa, watoto. Nikikwama kidogo narudi Kiswahili, naye anafurahi, anakidaka hapohapo, tunakwenda nacho mpaka mwisho. Zamu yangu ikifika anasema amechoka, kesho anaingia kazini alfajiri. Nami naona ni neno la kweli, namwambia alale salama.

Halafu sijui kumsahihisha. Anasema "abari za leo". Anasema "gari wangu", "watoto kubwa". Mimi kila kitu ni "vizuri sana, mama!" Ni mtu mzima, anajitahidi, naona haya. Juzi mwenyewe kaniuliza mbona simsahihishi kamwe. Nikacheka tu.

Nyumbani nako kumeanza kuchacha. Yeye anatoka kazini jioni, akimaliza kula kwake huku ni saa nne usiku. Tuna chumba na sebule, mtoto mdogo akishalala sitaki kelele, kwa hiyo natoka barazani nimevaa spika za masikioni. Mke wangu anachosikia ni mimi nacheka peke yangu gizani. Vijana wa jirani wananiita "shemeji wa Wafaransa". Mke wangu hajagomba, ila aliniuliza bando la mwezi limefika shilingi ngapi. Nilipomtajia akasema, "Kumbe unga wetu unaliwa Ulaya." Tangu siku hiyo ni jibu la ndiyo na hapana.

Kaka yangu mkubwa ndiye kaniongezea mawazo. Anasema mimi mjinga, namfundisha mzungu bure kabisa. Nimwombe kompyuta, au mtaji niingie kwenye dagaa. "Mzungu hakosi," anasema.

Nifanyeje? Niachane naye nitafute Mkongo pale Kibirizi niwe naongea naye? Nianze kumtoza? Au nivumilie?

Ni mimi,
Mvumilivu, Mwanga


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta huyo mama wa Lyon alipokudhulumu. Sikupaona. Nilichokiona ni sentensi moja uliyoiandika haraka ukapita: "Nikikwama kidogo narudi Kiswahili, naye anafurahi." Dakika zako zinapotelea hapo. Yeye hakuzichukua; unamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili kila unapoona aibu. Kwenye Kiswahili wewe ni mwalimu, unacheka, unasifiwa. Kwenye Kifaransa wewe ni mtoto wa darasa la kwanza. Nani hatakimbilia upande anaoheshimika? Naye ana safari, ana tarehe, kila Kiswahili anachokipata anakiweka kibindoni. Mmekubaliana kimyakimya, na makubaliano ya kimya siku zote yanamwelemea aliye mpole.

Kwa hiyo kuvumilia, ulikotia hadi kwenye jina, ndiko kulikokufikisha hapa. Kuachana naye bado. Nitakwambia kwa nini.

Umewahi kumuona mtu sokoni Mwanga ananunua mawese kwa makisio? Dumu lina alama, muuzaji anaitazama na mnunuzi anaitazama, na hakuna anayemwona mwenzake mchoyo. Ninyi mmeanza biashara ya kubadilishana bila kipimo. Hii namna ya watu wawili kufundishana, kila mmoja lugha yake, haikuanza na simu za mkononi. Miaka ya 1960, baada ya Ufaransa na Ujerumani kutia saini mkataba wa urafiki mwaka 1963, vijana wa nchi hizo mbili walikutanishwa kwenye kozi wafundishane hivyohivyo, na walioiendeleza njia hiyo wameshikilia mambo mawili mpaka leo: kila mmoja apate sawa na anachotoa, na kila mmoja awe msimamizi wa masomo yake mwenyewe. La pili ndilo watu wanalolisahau. Kifaransa chako si jukumu la mama wa Lyon. Yeye si mwalimu, ni muuguzi. Hajui unataka nini. Ukija mikono mitupu, mtaongea hali ya hewa mpaka aondoke.

Basi weka kipimo. Zoom ya bure inakata simu baada ya dakika 40, na watu wanalalamika. Kwenu ninyi ni neema. Dakika 20 za kwanza Kifaransa, 20 za mwisho Kiswahili, simu ikikata imekata. Mkipenda WhatsApp, weka kengele mezani. Kifaransa kitangulie, kwa sababu ndicho kinachokimbiwa na kwa sababu mwenzako huchoka mwishoni. Na ndani ya dakika hizo hakuna kuhama. Ukikwama, kaa kimya, tafuta njia ya kuzunguka, chora, onyesha kitu kwenye kamera, sema kwa Kifaransa kibovu. Ule ukimya unaouogopa ndio kazi yenyewe. Mtu akipiga kutoka Kinshasa hutakuwa na Kiswahili cha kukimbilia, kama ulivyoona.

Nenda kwenye simu na kitu mkononi. Mfano, siku moja kabla mtumie picha ya fomu tupu isiyo na jina la mteja wala namba za mtu, mwambie: kesho wewe ni tajiri wa Kalemie, mifuko yako ya saruji imechelewa, umekasirika, nipigie. Yeye aulize mzigo uko wapi, kwa nini umechelewa, boti inaondoka lini, nani atalipia siku za ghala. Wewe ujibu. Wiki inayofuata mbadilishane, wewe uwe tajiri mkali. Swali lile lililokuvua nguo ofisini mlirudie mpaka likuchoshe. Forodha, ankara, hati ya mzigo, kuchelewa, gatini, kesho asubuhi: mtu wa meza ya Kongo anaanzia kwenye maneno kama hayo, na hutayapata kwenye maongezi ya hali ya hewa.

Video yenyewe muitumie kwa kinachoonekana. Ulimi wetu sisi una irabu tano, na Kifaransa kina moja inayotusumbua karibu wote, ile ya "rue", yaani mtaa. Sisi tunaitamka "roue", ambayo ni gurudumu. Mwambie mama asogee kwenye kamera umtazame midomo: imechongoka kama ya mtu anayesema "u", lakini ndani ulimi umekaa kama wa anayesema "i". Jaribu hapo ulipo, mke wako asipokuona. Sauti hiyo utahangaika nayo kwa kusikia tu, ila kwa kumtazama mtu mdomoni inaanza kuja.

Sasa hili la kusahihisha. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Unasema ni haya na heshima kwa mtu mzima. Mwanangu, mtu mzima huyo amekuuliza mwenyewe, ukacheka. Fikiria anakokwenda. Ataingia wodini, mgonjwa atamweleza panapouma, naye atatakiwa aeleze vidonge viwili kutwa mara tatu, baada ya kula au kabla. Kila "vizuri sana" uliyompa mahali pasipo vizuri ataibeba hadi kitandani pa mgonjwa. Ukimnyamazia unamnyima hasa alichokuja kutafuta kwako, kisha unalalamika kwamba yeye ndiye anayekunyima.

Si lazima umkate kila neno, hilo litamkausha. Chagueni kitu kimoja kwa wiki. Anza na "h", maana Wafaransa kwenye lugha yao hawaitamki, ndiyo sababu habari inakuwa "abari" na hapa inakuwa "apa". Ashike kipande cha karatasi mbele ya mdomo, aseme "hapa" mpaka karatasi icheze. Wiki nyingine mshike "gari langu", "watoto wakubwa". Akiwa anaongea wewe andika kwenye daftari, dakika tatu za mwisho umsomee, naye akufanyie vivyo hivyo. Na mwambie mapema kwamba Bukavu atakuta watu wanasema "kitabu yangu" na hakuna anayeshtuka. Kiswahili cha kule kina njia zake. Cha kwako kitamsaidia kusoma na kuandika, na kusikilizana na yeyote. Cha kule atakiokota akifika.

Namna ya kumwambia haya yote isikutoe jasho. Mwandikie ujumbe kwa Kiswahili chepesi, naye atakuwa anajifunza humohumo:

"Mama, habari za kazi. Nafurahi kuona Kiswahili chako kinakua. Kifaransa changu hakikui, na kazini nakihitaji. Naomba tubadilishe utaratibu. Tuanze na Kifaransa dakika 20, halafu Kiswahili dakika 20. Mimi nitaweka saa. Nikikwama usinipe Kiswahili, nisubiri. Na kuanzia sasa nitakusahihisha. Uliponiuliza nilicheka kwa sababu nilikuwa naona haya."

Akijibu kwamba hapana, yeye anataka Kiswahili tu maana muda umembana, hapo utakuwa umejua, na utamuaga kwa amani. Ila sidhani. Mtu anayeuliza "mbona hunisahihishi" ni mwanafunzi wa kweli, na wanafunzi wa kweli wanajua uchungu wa kukwama.

Nije nyumbani kwako. Majirani waache, hawana bando lako wala mke wako. Lakini mke wako ana hoja, tena ameisema kwa adabu kuliko ambavyo ningeisema mimi. Mume yuko barazani gizani, spika masikioni, anacheka na mwanamke asiyeonekana, saa nne usiku, mara tatu kwa wiki, kwa hela ya unga. Usimwambie "huyo ni kama mama yangu mdogo". Muonyeshe. Hamisha simu iwe Jumamosi mchana, sebuleni, spika za masikioni ziwe mezani na sauti nje. Saa nne asubuhi ya Lyon huku ni saa sita mchana, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba huku ni saa tano, kwa sababu wenzetu hao husogeza saa zao mbele na sisi hatusogezi. Liandike hilo ukutani, linavunja miadi nyingi.

Na kwenye zile dakika 20 za Kiswahili, mpe mama watoto nafasi. Huyo muuguzi amezoea Kiswahili cha mdomo wako tu. Siku atakaposikia mtu mwingine atachanganyikiwa. Mkeo amweleze jinsi anavyopika migebuka, kuanzia kuiparua hadi kuipakua, kwa kasi yake ya kawaida bila kumbembeleza. Au amweleze mtoto alivyoumwa homa usiku na alichokifanya, maana hayo ndiyo mazungumzo mama huyo atayakuta wodini kila siku. Kama mkeo hataki, usimlazimishe. Ajue tu kwamba mlango uko wazi.

Siku nyingine mbili za wiki zigeuze ujumbe wa sauti. Ukitoka kazini, rekodi dakika moja ya Kifaransa ueleze kilichotokea siku hiyo: treni imeingia, mzigo umelowa, dereva amegoma. Yeye atakusikiliza kwenye mapumziko yake, atarudisha sauti yake ikiwa imenyooshwa, nawe utaisikiliza hata ukiwa kwenye bodaboda. Naye atakutumia yake ya Kiswahili. Ujumbe wa sauti haukaribii hata kidogo ulaji wa data wa simu ya video. Na hiyo ya Jumamosi, kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kupunguza data ya simu, iwashe. Kisha kaa na mkeo mpange pamoja bando la masomo ni shilingi ngapi kwa mwezi, kama mnavyopanga hela ya mkaa. Ikipita hapo, subira mpaka mwezi ujao.

Kaka yako nampa salamu zangu, ila ushauri wake ni mbovu. Usimwombe huyo mama kompyuta wala mtaji wa dagaa. Sisemi kwa kumwonea huruma. Siku utakapomwomba, kila dakika mliyokaa pamoja itabadilika rangi machoni pake, na atajiuliza kama tangu mwanzo ulikuwa unaelekea hapo. Kwenye programu hizi watu wameombwa sana, na wametongozwa sana pia, ndiyo maana wengi wanakimbia mapema. Wewe umemweka mtu miezi bila kumwomba shilingi, na heshima hiyo ni mali. Tena usisahau: hufundishi bure. Unalipwa kwa Kifaransa, ila ulikuwa huendi kuchukua mshahara.

Kutoza ni jambo jingine, na si baya. Wapo Watanzania wanaofundisha Kiswahili kwa malipo mtandaoni, kwenye majukwaa kama italki na Preply, na ni kazi halali kabisa. Ukiona una kipaji, na naona unacho maana mama wa watu anasimulia mafuriko ya kabatini, fungua huko utafute wanafunzi wengine. Kwa huyu baki kwenye mlichokubaliana. Kuanza kubadilishana na kugeuza bili katikati ya safari ni tabia ya madereva wa teksi tunaowajua.

Sasa Mkongo wa Kibirizi. Wazo linavutia, maana yuko jirani na hahitaji bando. Shida ni kwamba Kiswahili chake ni kizuri kuliko Kifaransa chako. Mtaanza "bonjour", na kabla chai haijapoa mtakuwa mnabishana bei ya dagaa kwa Kiswahili. Mama wa Lyon ana faida moja ambayo Mkongo hana: mkiwa na kipimo, hana haraka ya kukuokoa. Ndiyo sababu nakwambia usimwache.

Lakini kuna kitu hatakupa. Kifaransa cha Lyon na cha Kalemie ni kilekile, ila kwenye tarakimu vinaachana, na wewe kazi yako ni tarakimu. Mama wa Lyon akihesabu 70 atasema "soixante-dix" na 90 "quatre-vingt-dix". Kongo na Burundi walirithi kwa Wabelgiji, wanasema "septante" na "nonante". Mteja akikutajia mifuko "nonante-cinq" ukabaki unatafuta kwenye kichwa chako cha Lyon, mzigo utapungua au utazidi, na bosi hatataka kusikia habari za Wabelgiji. Jifunze zote mbili. Hapo ndipo Mkongo wa Kibirizi ananunuliwa soda: akutajie tarakimu, haraka, za simu, za bei, za kilo, nawe uandike. Hesabu tu, maongezi ya Kiswahili yaje baadaye. Na nyumbani mfungulie Radio Okapi mtandaoni. Ni redio ya Kongo, ina habari za Kifaransa na za Kiswahili pia. Sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza ujue imetokea nini, kisha uisikilize kwa Kifaransa. TV5Monde nao wana masomo ya bure ya video yaliyopangwa kwa ngazi, mazuri kwa usiku ambao huna simu na mama wa Lyon.

Jambo la mwisho halimhusu mama wa Lyon. Bosi wako alisema "atakayeweza kuongea". Kuongea kiasi gani? Mwendee umuulize. Kuna mtihani wa Kifaransa unaoitwa DELF, wenye ngazi za A1, A2, B1 na B2, na cheti chake hakiishi muda. Alliance Française wako Dar es Salaam na Arusha, huko ndiko pa kuulizia ratiba na ada kabla hujapanga nauli. Kama bosi anataka karatasi, mwambie mama wa Lyon ukweli, na nusu ya dakika zako ziende kwenye kuandika na sarufi, ambavyo simu ya tajiri wa Kalemie haitakufundisha. Kama anachotaka ni simu ijibiwe tu, mwombe akuruhusu uanze na zile ndogo, za kuuliza mzigo umefika wapi, huku mwenzako anayekimudu akiwa amekaa pembeni. Muulize wiki hii, kabla hujamtumia mama ule ujumbe, maana jibu la bosi ndilo litakaloamua Jumamosi ya kwanza mnafanya nini.

Shangazi